Darasa la Kuazima

Wiki iliyopita tulimwacha Mwalimu Bilali Msabaha kwenye mlango wa Darasa la Alasiri, mkono wake ungali juu ya kitasa, na mbele yake wanafunzi walioketi wima kama askari wa gwaride. Walivaa sare ya shule yake. Kifuani walikuwa na nembo ya shule yake. Na hapakuwa na hata mmoja miongoni mwao ambaye Mwalimu alipata kumwona maishani mwake.

"Shikamoo, Mwalimu," wakasema kwa sauti moja.

Marahaba haikumtoka. Kwa mtu aliyelelewa bwenini, ambako kuacha salamu ya mtu ikining'inia hewani kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu uliokaribiana na wizi, hilo halikuwa jambo dogo.

Akamtazama binti wa dawati la mbele. Kola ya shati lake ilishonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule Mwalimu aliujua. Sikuzani aliushona mwenyewe mwezi wa Ramadhani kwa kuwa mweupe haukupatikana nyumbani, akaja kuomba radhi, na Mwalimu akamjibu kwamba shati safi halihitaji kuombewa radhi.

Shati lilikuwa la Sikuzani. Aliyelivaa hakuwa Sikuzani.

"Tafadhali usipandishe sauti, Mkuu," mtu akasema nyuma yake. "Jopo liko ofisini linakunywa chai na Mzee Mbaruku. Wanakuja sasa hivi."

Alikuwa Mwalimu Hamidu, makamu wake.

Msomaji uliyejiunga nasi leo, jua kwanza kilichokuwa hatarini. Serikali ilitangaza ruzuku ya mageuzi ya shule, na ruzuku hiyo haikugawiwa kwa huruma, ilishindaniwa. Kila shule ilitakiwa kuonesha jambo jipya ililowafanyia wanafunzi wake, na jambo hilo lionekane kwa macho. Sekondari ya Mtondoo, iliyoko njia ya kwenda Mbegani, ilikuwa imefika kwenye mchujo wa mwisho. Ikishinda, lingeezekwa lile boma la bweni la wasichana ambalo wananchi walilinyanyua hadi usawa wa lenta, kisha nguvu zikawaishia. Ikishindwa, mabinti wangeendelea kupanga vyumba mjini, wakipika koridoni na kulala nyuma ya milango ambayo funguo zake za akiba wanazo wenye nyumba.

Na jambo jipya la Mtondoo lilikuwa Darasa la Alasiri. Walikuwamo watoto waliofika sekondari bila kujua kusoma sawasawa, ambao shule nyingine huwapanga viti vya nyuma na kuwasahau. Mwalimu Bilali aliwakusanya kila siku baada ya masomo, akawafundisha yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kumwonea haya mtu. Watoto hao ndio ambao jopo la ruzuku lilitoka Dodoma kuja kuwaona.

Watoto hao ndio hawakuwapo.

"Wako wapi wanangu?" akauliza.

"Wako salama. Stoo ya jikoni. Wamekunywa chai, wamekula mihogo. Hakuna aliyeguswa."

"Na hawa ni nani?"

Hamidu alieleza kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya mitihani. Walikuwa wanafunzi wa shule moja ya binafsi ya upande wa Vigwaza, wamefika na basi dogo kabla ya kengele ya kwanza. Mzee Mbaruku, mwenyekiti wa bodi ya shule, ndiye aliyesemezana na mwenye shule ile. Na kwa kuwa sare zao zilikuwa za rangi nyingine, watoto wa Alasiri waliambiwa wavue zao, wakabaki na nguo za nyumbani.

"Mkuu, wewe ni mtu wa huku huku," akamalizia. "Mtu akiwa na shughuli haazimi sahani? Haazimi mikeka na masufuria ya jirani? Mgeni akila akaondoka, vyombo vinarudi kwa mwenyewe. Nani kaibiwa?"

"Watoto si masufuria, Hamidu."

"Watoto wako wanasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. Mimi pia nawapenda. Lakini mgeni hana subira ya kuwangoja mpaka wafike ng'ambo."

Hapo ndipo palipomchoma Mwalimu Bilali. Angalikuwa Hamidu mtu mwovu, kazi ingalikuwa nyepesi. Angalimfukuza pale pale. Hamidu alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yenyewe alikuwa ameivisha nguo za mapenzi.

"Nipe ufunguo wa stoo."

"Sina. Anao Mzee Mbaruku."

Viatu vikasikika kwenye baraza. Jopo lilikuwa limefika.

Mbele alitangulia mwenyekiti wa jopo, Bwana Shuaibu Kasanda, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mnene wa miwani na tabasamu pana. Nyuma yake walifuata wajumbe wawili, na baada yao Mzee Mbaruku, kanzu yake nyeupe na koti jeusi juu yake, akitembea polepole kama mwenye nyumba anayewaonesha wageni vyumba.

"Mtani," akasema Bwana Shuaibu, "mbona umesimama mlangoni kama mpangaji aliyefungiwa nje? Ingia, au darasa si lako?"

Wote wakacheka. Mwalimu Bilali naye akalazimika kutabasamu, kwani utani huo alikuwa ameuanzisha mwenyewe asubuhi, getini. Mkwere kama yeye akikutana na Mnyamwezi hanyamazi. Wazee wao walianza kutaniana tangu siku za misafara, na asiyemtania mtani wake huonekana ana kinyongo. Kwa hiyo alikuwa amemuuliza mgeni iwapo Wanyamwezi siku hizi wamesahau kubeba mizigo hata waje Bagamoyo na gari la kiyoyozi. Bwana Shuaibu akamjibu kwamba yeye ametumwa na serikali kuhakikisha kama watu wa nazi wamekwisha kujifunza kuamka kabla ya saa nne. Wapishi walicheka, wazazi walicheka, hata askari kata aliyewekwa kulinda geti alicheka. Mwalimu Bilali alirudi ofisini akiona kwamba amefungua mlango. Kumbe alikuwa ameufunga.

Darasani, binti mwenye kola ya uzi wa buluu aliombwa asome. Alisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, akipumzika penye nukta, akipandisha sauti penye swali.

Bwana Shuaibu akamuuliza kama ni kweli kwamba alipoingia kidato cha kwanza alikuwa hajui kusoma.

"Nilikuwa sijui hata herufi, mheshimiwa," akajibu binti bila kupepesa macho. "Aliyenifundisha ni Mwalimu Mkuu."

Mjumbe mmoja, mama wa makamo, alivua miwani akafuta machozi. Bwana Shuaibu akaushika mkono wa Mwalimu Bilali kwa mikono yake miwili, akautikisa, akauachia upesi, kwa maana ulikuwa wa baridi.

Walipotoka kuelekea kwenye turubai la wageni, Mwalimu Ummy alimvuta pembeni. Yeye alikuwa mlezi wa wasichana, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema naye amegundua asubuhi hiyo hiyo, akaapa kwamba hakuhusishwa. Kisha akasema alilokuwa amelijia.

"Nimejua unachotaka kufanya, Mwalimu. Nakuomba kwa Mungu, nyamaza. Juzi nimemhamisha Dija chumba kingine tena, usiku mwenye nyumba alikuwa anamgongea. Ukisema leo, jioni nitamwambia aende wapi?"

Mwalimu Bilali alimjibu kwa swali.

"Na Sikuzani nitamwambia nini? Kwamba nilimfundisha kusoma ili nimfiche?"

Ummy alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Wakaachana hivyo, kila mmoja amembebesha mwenziwe mzigo usiotulika.

Chini ya turubai wazazi walikuwa wamejaa, ila wale wa watoto wa Alasiri, ambao hawakualikwa. Mzee Mbaruku alitoa hotuba iliyotulia, akaishukuru serikali, akawashukuru wageni, akasema kwamba Mtondoo haiombi upendeleo ila haki yake. Kisha akamkabidhi Mwalimu Bilali kipaza sauti atoe neno la shukrani.

Mwalimu Bilali alisimama. Alifunga kifungo cha koti. Shuleni kwao zamani walifundishwa kwamba mtu akiwa na jambo zito la kusema, asilizungushe. Alitoe lilivyo, kisha asimame wima alipokee linalokuja. Akafanya hivyo.

"Waheshimiwa, wazazi wangu," akasema. "Darasa mliloliona si darasa langu. Wale watoto ni wa kuazima. Wa kwangu wamevuliwa sare na kufungiwa stoo ya jikoni."

Vichwa vikageuka kuelekea jikoni.

Kisha Bwana Shuaibu akapiga meza kwa kiganja na kuangua kicheko kilichomtoa miwani puani.

"Nilijua," akasema. "Jamani, nilijua tangu getini. Mkwere amfundishe mtoto kusoma, aupate wapi muda huo na nazi hajazikuna? Lazima aazime."

Turubai zima likalipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Mwalimu Bilali alisubiri, uso wake haukubadilika, na kila alivyokuwa mkavu ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu mtani hodari ndiye asiyecheka.

"Sitanii, Bwana Shuaibu."

"Hata mjomba wako tulipomzika kule Ubena alisema hivyo hivyo. 'Sitanii, nimekufa kweli.' Tukafukia. Kabla hatujamaliza dua akaamka akaulizia chai."

Sasa hata mama aliyelia darasani alikuwa anajishika mbavu.

"Wallahi, nasema kweli."

"Huyo akiapa ndipo anapokoleza," akasema bibi mmoja wa mstari wa mbele, akimgonga mwenziwe begani.

Akajaribu tena. Akataja Vigwaza. Akataja basi dogo. Kila neno alilolitoa lilipokewa kwa makofi kama ubeti wa ngoma, na Bwana Shuaibu alilirudisha limepambwa zaidi, mpaka ikafika mahali Mwalimu Bilali aliona kwamba anapiga kelele ndani ya chumba ambacho kuta zake ni vicheko vya watu wanaompenda.

Mzee Mbaruku alisimama bila haraka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Mkuu wetu huyu," akawaambia watu, "kwa watani zake hana breki."

Kisha, akijifanya kumnyoosha kola, alimsogelea sikioni.

"Umesema, mwanangu. Umesema mbele ya Mungu na mbele ya serikali, hawakukusadiki. Hilo si kosa lako tena. Kaa chini, ushinde."

Na Mwalimu Bilali akakaa.

Ndiyo, msomaji, alikaa. Usimhukumu upesi. Maneno yale yalikuwa matamu kwa mtu aliyechoka. Ukweli alikuwa ameutoa kinywani, bweni lingeezekwa, Dija angelala usingizi wake bila kugongewa, na hakuna atakayeweza kusema kwamba Bilali Msabaha alidanganya. Alikaa akasikiliza kwaya. Alikaa akasikiliza shairi. Akamsikia Bwana Shuaibu akitamka hadharani kwamba katika shule zote alizozizunguka hajaona jambo la kumgusa moyo kama Darasa la Alasiri, na kwamba ripoti yake wataisoma wakubwa.

Neno hilo ndilo lililomwamsha. Darasa la Alasiri lilikuwa linasifiwa, na Darasa la Alasiri lilikuwa limekaa gizani juu ya magunia ya unga likisikiliza makofi ya watu wengine. Watoto ambao maisha yao yote walifichwa nyuma ya wenzao, yeye aliwaahidi kwamba kwake hawatafichwa. Leo walikuwa wamefichwa kwa kufuli.

Wageni walikwisha kupanda gari. Injini ilikwisha kuunguruma.

Mtani ana haki moja ambayo hata serikali haimnyimi. Anaweza kuzuia jeneza lisitoke nyumbani. Anaweza kushuka akalala kaburini kabla ya maiti. Na hapana mtu atakayethubutu kumwondoa kwa nguvu mpaka alipwe fidia anayoitaka.

Mwalimu Bilali Msabaha, ambaye wanafunzi wake hawakupata kumwona hata ameegemea ukuta, alitembea hadi mbele ya gari la serikali, akalala chali vumbini na suti yake.

"Hupiti, Mnyamwezi," akasema.

Watu wakakimbilia kutoka kwenye turubai kama wanaowahi kumpokea bibi harusi. Bwana Shuaibu alishusha kioo, kisha akashuka mwenyewe, uso umemjaa furaha. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa imemzungusha nchini bila kukutana na mtani wa kiwango hicho.

"Haya, maiti imenifungia njia. Fidia yako nini? Kuku? Soda? Sema kabla jua halijakukausha kama papa."

"Mlango," akajibu Mwalimu Bilali kutoka pale chini. "Ukafungue mlango wa stoo ya jikoni kwa mkono wako, utazame ndani. Hutaki, nikanyage upite."

"Mlango tu? Watu wa pwani mmekuwa rahisi hivi?"

"Mlango tu."

Bwana Shuaibu alivua koti akampa dereva, kama mtu anayejiandaa kuchinja. Akampa Mwalimu mkono akamwinua, akamkung'uta vumbi mgongoni. Wakatangulia wote wawili kuelekea jikoni, na umati nyuma yao.

Mzee Mbaruku aliwawahi. Alisema ufunguo umepotea tangu jana. Akasema mule mna panya na dawa ya panya, si mahali pa wageni. Akasema muda wa swala umekaribia. Lakini wanawake walikwisha kuanza kupiga makofi na kuimba, "Fidia, fidia," na katika jambo la utani, mzee anayezuia fidia isilipwe anajivunjia heshima mbele ya wajukuu zake. Aliangaza kushoto na kulia akimtafuta Hamidu. Hamidu hakuwapo. Alikuwa ameonekana akipita mbio nyuma ya jiko, upande wa kidirisha cha stoo, na sasa alikuwa anarejea, akijifuta jasho.

Alipomwona Hamidu amerejea, Mzee Mbaruku alitulia ghafla. Aliingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akautoa ufunguo, akampa Bwana Shuaibu kwa mkono wa kulia, kwa adabu.

Mwalimu Bilali aliuona utulivu ule, akausogelea mlango.

Alikuwa amesimama karibu kabisa na mlango, karibu kuliko mtu yeyote. Umati ulikuwa bado unaimba. Yeye peke yake ndiye aliyesikia, nyuma ya mbao, sauti nyembamba ya mtoto ikinong'ona.

"Mwalimu Hamidu kasema, wakitujua tu, Mwalimu Mkuu anatiwa pingu leo leo."

Kisha sauti nyingine, ambayo angaliitambua hata katika soko.

"Basi sisi si wa hapa. Mmesikia wote? Si wa hapa."

Sikuzani.

Mwalimu Bilali alinyoosha mkono kumshika Bwana Shuaibu. Alitaka kusema ngoja. Alitaka kusema nipe nafasi niongee nao kwanza. Lakini kufuli lilikwisha kuachia, na mlango ukavutwa wazi.

Mwanga uliingia juu ya magunia ya unga na maharage. Watoto walikuwa wamebanana ukutani, wavulana kwa wasichana, na nguo zao za nyumbani, wengine bila viatu, wakipepesa macho kwa sababu ya jua.

Nyimbo zikakatika, kwanza mbele, kisha katikati, kisha nyuma kwa wasioona.

Tabasamu la Bwana Shuaibu lilibaki usoni kwa muda baada ya kicheko kwisha, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha nalo likaondoka.

"Hawa ni nani?"

"Hawa ndio Darasa la Alasiri," akasema Mwalimu Bilali. "Hawa ndio wanafunzi wangu."

Bwana Shuaibu hakumtazama. Aliwauliza watoto wenyewe, kwa sauti ya upole, kama wao ni wanafunzi wa shule ile.

Sikuzani akasogea mbele. Alijifunga kanga kiunoni, na mikono yake ilikuwa na unga. Alipiga goti kidogo kama walivyofunzwa mabinti wa kwao.

"Shikamoo. La, sisi si wanafunzi. Tumekuja kuwasaidia mama zetu wa jikoni kumenya viazi."

Wapishi walitazamana. Mzee Mbaruku alikuwa anahesabu tasbihi yake.

"Sikuzani," akasema Mwalimu Bilali, "usiogope. Sema kweli."

"Ndiyo kweli yenyewe."

Bwana Shuaibu alinyoosha mkono nyuma, na yule mama mjumbe akampa kitabu, kile kile kilichosomwa darasani. Akakifungua katikati, akampa binti.

"Unajua kusoma?"

"Sijui."

"Jana alisoma ukurasa mzima," Mwalimu Bilali akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepoteza ule wima aliouchunga tangu ujana wake. "Jana hiyo hiyo, bila kusaidiwa. Sikuzani, soma. Soma mstari mmoja tu, mama."

Binti alimtazama. Halafu macho yake yakateleza, yakampita, yakafika kwa askari kata aliyesimama nyuma ya umati, yakatua kiunoni mwake, penye pingu.

Akaurudisha uso kwenye kitabu. Polepole, kwa mikono yake yenye unga, akakigeuza, juu kikawa chini. Akakishika hivyo, akakitazama kama mtu anavyoutazama ukuta.

"Siwezi, mzee," akasema. "Mimi sikusoma."

Mzee. Tangu siku ya kwanza alipoingia Darasa la Alasiri, akificha mdomo kwa daftari ili wenzake wasimwone akihangaika na silabi, Sikuzani hakuwahi kumwita kwa jina lolote isipokuwa mwalimu.

Bwana Shuaibu alikichukua kitabu mikononi mwa binti, akakifunga. Alilichukua koti lake kwa dereva, akalivaa, kifungo baada ya kifungo. Alipogeuka, hakuwa tena mtani wa mtu.

"Bwana Bilali. Ikiwa hawa ni wanafunzi wako, basi hawajui kusoma, na umetuleta huku kutazama uongo. Ikiwa si wanafunzi wako, basi umefungia watoto wa watu stoo kwa kufuli. Mimi niandike lipi?"

Hapakuwa na la tatu. Mwalimu Bilali alilitafuta katika nyuso zilizomzunguka. Hamidu alikuwa anaangalia viatu vyake. Ummy alikuwa analia wazi, mtandio umemwanguka. Wale wa kuazima walikuwa wamejipanga mbali, kwenye baraza, safi, wametulia, na uzi wa buluu ukionekana kwenye kola ya mmoja wao.

"Afande," akaita Bwana Shuaibu bila kugeuza kichwa. "Funga geti. Asitoke mtu hapa, mkubwa kwa mdogo, mpaka nijue watoto hawa ni wa nani."

Mnyororo wa geti ukaburuzwa, ukagonga chuma, ukatulia.

Mwalimu Bilali alivuta pumzi. Lilikuwapo neno moja la kuwaokoa watoto, la kuwakiri kuwa wake, na lilikuwapo neno moja la kujiokoa yeye, la kuwakana, na hayakuwa neno moja. Akafungua kinywa.

Na mlangoni mwa stoo, pasipo mtu mwingine kuona, Sikuzani alimkazia macho, akatikisa kichwa: usiseme.